Kiberiti na Wingu la Kilimani

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, tulimwita Kiberiti. Kila mwaka yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuchoma mabua ya mahindi shambani, na kanuni yake ilikuwa moja: wingu jeusi likisimama kilimani na upepo ukatulia, washa. Mvua itazima, majivu yatarutubisha. Na alivyo mbishi! Ungebishana naye mpaka koo likukauke.

Bwana shamba alimkataza. "Unachoma chakula cha udongo, ndugu yangu. Udongo unabaki vumbi, haushiki maji. Na moshi huo, ukijumlisha na wa wenzako, unazidi kuharibu hali ya hewa."

"Kumbe mabua yangu ndiyo yanafukuza mvua?" Kiberiti alicheka. "Basi mimi mtu mkubwa!"

Lakini mvua zilikuwa zimeshaanza kutuchezea. Wingu linakuja, linasimama, linaondoka zake. Mwaka jana, jioni moja, likasimama kilimani, jeusi tii. Kiberiti akawasha.

Wingu likaondoka. Ukaja upepo kutoka upande tusiouzoea, ukausukuma moto moja kwa moja kwenye nyumba ya mama mkwe, pale mwisho wa shamba. Mama mkwe miguu yake haifanyi kazi, na paa lake lilikuwa la nyasi kavu.

Niliogopa, nasema kweli. Kiberiti alikimbia mbele yangu akiita "Mama! Mama!" kama mtoto mdogo. Tulimkuta kitandani, moshi umejaa chumbani, ameng'ang'ania shuka kwa mikono miwili. Tukamtoa na godoro lake. Paa lilianguka tukiwa uani.

Sasa mama mkwe anaishi kwangu. Mabua ya mwaka huu yamelala shambani yanaoza, na Kiberiti hataki hata kunishikia njiti nikiwasha jiko.

Juzi wingu lilisimama tena kilimani. Zamani mama mkwe angelipigia vigelegele. Safari hii alimwita Kiberiti kwa sauti ndogo.

"Baba, nitoe nje."

"Mama, sijawasha kitu. Haki ya Mungu."

"Najua. Nitoe tu."

Akambeba, akamkalisha uani. Hakuna aliyelifurahia wingu lile. Ng'ambo ya mto, mtu mwingine alikuwa ameshawasha mabua yake.