Ng'ombe wa Kompyuta Aliyekataa Kuangalia Kisima

Binti yangu, injinia wa kompyuta mwenye digrii mbili, leo ameshindwa na ng'ombe.

Anatengeneza gemu. Ng'ombe anatakiwa ageuke aangalie kisima.

Kila akijaribu, ng'ombe anakigeuzia kisima matako. Siku tatu!

Nikamuuliza, "Hiyo pembe ya kumgeuza ng'ombe unapima kutoka wapi kwenda wapi?"

"Baba, hii ni kompyuta, si shamba."

Sawa, profesa.

Miaka ya sabini nilikuwa nambebea mpima ardhi vyombo kule Rongai, tukigawa shamba la mzungu. Siku moja nikapima nikiwa kwa kigingi cha pili, badala ya cha kwanza. Mpaka ukaelekea nyuma, nikapigilia vigingi katikati ya mahindi ya mama mmoja.

Kwa hivyo pembe za kinyumenyume nazijua.

"Unatoka kisimani kwenda kwa ng'ombe," nikamwambia. "Anza na ng'ombe."

Akabadilisha. Ng'ombe akageuka, akaangalia kisima kwa adabu.

Mnadhani nilipewa asante?

"Ah, ilikuwa kakosa kadogo tu, Baba."

Ndivyo nilivyomwambia yule mama mwenye mahindi. Akaingia nyumbani kuchukua panga.