Niliusoma Mwili wa Rafiki Yangu Mbele ya Darasa

Admin, jina langu lifiche, na nikikosea mahali usinirekebishe, acha liende hivyo hivyo. Nina miaka arobaini na moja, nimeolewa, nina watoto watatu, na ninafanya kazi ya kine hapa Kamembe, Rwanda. Ndiyo ile tiba ya viungo: tunanyoosha migongo na kuamsha miguu iliyolala. Watu husema mikono yangu ina baraka. Wangejua mikono hii ilifanya nini, wangetafuta mwingine.

Nilisomea ng'ambo ya mpaka, Bukavu, wakati wa vita vya pili vya Kongo. Tulivuka daraja la Rusizi asubuhi, makoti meupe tumeyaficha chini kabisa ya mfuko, na siku wanajeshi wakifunga mpaka tulirudi nyumbani na njaa yetu. Wauguzi na sisi wa kine tulisoma anatomia pamoja. Chuo hakikuwa na sanamu wala picha za maana, kwa hiyo kitabu chetu kilikuwa mwili wa mwenzako. Unavua shati, unalala mezani, mwenzio anakushika na kutaja misuli.

Mwenzangu alikuwa rafiki yangu tangu utoto, nitamwita Furaha. Tulikulia mtaa mmoja kule Bukavu kabla vita vya kwanza havijatufukuza kuja huku. Katika kukimbia, Furaha alipotezana na wazazi wake, akapatikana baada ya majuma mengi, amekonda na hasemi. Mwaka uliofuata mama yake akaonekana na mtoto mchanga wa kike, kitinda mimba, nasi majirani tukampongeza. Kila jioni Furaha alimbeba mdogo wake huyo mgongoni. Sikuwaza lolote. Naapa sikuwaza.

Siku ya mtihani wa vitendo tulivuta vikaratasi, mimi nikaangukia tumbo. Furaha akanishika mkono, akaninong'oneza, "Leo usinikamate miye. Kamata mwengine, nakuomba." Sasa, Furaha alikuwa mwembamba, misuli yake inajionyesha yenyewe, na mimi nilitaka kuwa wa kwanza. Nikamjibu, "Acha haya zako, ni dakika tano tu." Haya zako! Ndivyo nilivyosema kwa mdomo huu.

Akalala mezani. Mchumba wake, aliyekuwa akisomea uuguzi, alisimama ukutani pamoja na wengine. Nilimwambia Furaha ainue kichwa, nikapitisha vidole katikati ya tumbo, nikakuta misuli imeachana, vidole viwili vinazama. Chini ya kitovu kulikuwa na michirizi myeupe. Mwalimu akauliza naona nini. Nami, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, nikajibu: "Misuli imeachana kwa vidole viwili, ngozi ina michirizi. Huyu mwanamke amekwisha kuzaa."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akaandika kumi na saba juu ya ishirini. Furaha alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, akatoka. Hakurudi tena chuoni, na uchumba ulivunjika juma lile lile. Mimi nilipata diploma. Kwao sikwenda. Nilijidanganya kwamba namwachia nafasi, kumbe niliogopa tu kumtazama.

Tangu hapo, mwanamke yeyote akilala mezani kwangu na vidole vyangu vikafika tumboni, namwona Furaha akiikodolea dari macho. Karibu miaka ishirini sasa. Mwezi uliopita wenzangu wa chuo walifungua kundi la WhatsApp la kukumbushana ya zamani, mmoja akaandika, "Nani anakumbuka vidole viwili?" Wakacheka sana. Nilizima simu.

Juma hilo hilo nikaletewa mwanafunzi wa kine aje kujifunza kazi. Nitamwita Neema. Ana miaka ishirini na miwili, mcheshi, na paji la uso ni la Furaha mtupu. "Tantine," yaani shangazi, akaniambia, "dada yangu anasemaka mulisoma naye." Jumanne hii tulifika somo la tumbo, akafurahi kweli. "Samedi nitakuwa Bugarama, nijaribie kwa dada! Yeye hajazalaka, tumbo yake iko sawa ya mu kitabu!" Jumamosi, siku nne tu mbele.

Jana nilishuka Bugarama mwenyewe. Nilimkuta Furaha kwenye kinu cha mpunga, anatandaza mpunga juu ya maturubai na kuugeuza kwa miguu. Nikapiga magoti pale pale, nikaomba msamaha huku nikilia.

"Simama," akasema. "Unakanyaga mupunga ya batu."

Nikamweleza habari ya Jumamosi. Alimaliza kwanza mstari aliokuwa akiugeuza.

"Mama alikufa, tumebakia babili tu. Miye siko na kinywa ya kumuambia." Ndipo akanitazama. "Weye ndio ulisema ya kwanza, na hakuna muntu alikutuma. Sasa miye ninakutuma. Muambie kwanza, mbele afike kwangu."

Nikamuuliza, "Na akiuliza baba yake?"

"Balikuwa bengi," akasema. "Hata miye sibajue."

Akarudi kwenye mpunga wake. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Naandika haya Ijumaa mchana. Neema yuko chumba cha pili anakunja bendeji na kuimba, na basi lake linaondoka saa kumi. Nikinyamaza, kesho atagundua kwa vidole vyake mwenyewe. Nikisema, jambo la kwanza atakalouliza ni nilijuaje, na nitalazimika kumwambia kwamba mama yake aliniomba nisimguse, nami nikamlaza mezani. Ndugu zangu, hasa nyinyi kina mama mliowahi kumwambia mtoto jambo zito, nipeni maneno. Nikimwita aketi, naanzia wapi?