Meza ya Shangazi Chaki

Mtaani kwetu jina lake halisi limeshasahaulika. Ni Shangazi Chaki, kwa sababu kipande cha chaki hakibanduki sikioni mwake. Hata msibani alienda nacho, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ni dada wa baba yangu na ndiye mkataji wa duka letu. Yeye anakata, Baba anashona, mimi naweka vifungo na kubishana na wateja. Kwa kubishana nimejaliwa.

Duka Baba na Shangazi walilirithi kwa babu, aliyekuwa seremala. Babu ndiye aliyetengeneza meza ya kukatia, ndefu kutoka ukuta hadi ukuta, na aliiundia humohumo ndani kabla hajatia mlango. Mlango ulipotiwa, meza ikawa imefungwa kifungo cha maisha. Haitoki ng'o. Sisi tulicheka, lakini Shangazi hakuona kosa lolote. Alilaza jora zima la kitambaa juu yake, akalinyoosha kwa viganja, akachora, akakata bila kupiga magoti sakafuni. Na magoti yake, jamani, yalishagoma zamani.

Basi Baba akaibuka na jambo lake. Aliomba halmashauri ya jiji igawe kiwanja chetu cha biashara kiwe viwili, ili apangishe upande wake kwa muuza simu. Mpima ardhi akaja, akavuta kamba kutoka barabarani hadi nyuma, maana kila kiwanja lazima kitazame barabara. Kamba ikapita katikati ya meza. Ukuta ungejengwa hapo. Shangazi aliitazama, akainua mguu, akaivuka, akaendelea na kazi yake.

Mimi nilichemka. Wateja tele, sasa tunagawana nini? Nikamnunia Baba mpaka chai nikawa namwekea bila neno. Nikamwambia Shangazi, "Nusu ni yako. Ukikataa mbele ya kamati, ombi linakufa hapohapo."

"Tutaona," akasema.

Naye alikuwa ananitia hasira. Siku hizo alikuwa ameanza kuchora kwa chaki nene, mistari mipana kama ya ubaoni, na kazi ya kuisugua ikawa yangu.

Siku ya kikao tuliketi kwenye viti vya plastiki ukumbini mwa halmashauri, feni ikilalamika juu yetu. Mwenyekiti wa kamati akamwuliza Baba sababu ya ombi lake.

"Kushona hakulipi tena," Baba akajibu, macho kwenye viatu vyake.

Diwani mmoja akacheka. "Mzee, suti hii niliyovaa mmenishonea ninyi, tena nilipanga foleni. Hakulipi vipi? Hebu sema kweli, kuna nini?"

Baba akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Haya, nikasema moyoni, leo utajua, na nikamfinya Shangazi ainuke.

Akainuka kweli. "Mheshimiwa, suti imekukaa vizuri, hongera. Lakini swali lako halihusu kiwanja. Mimi ndiye mwenye nusu, na sina pingamizi."

Ombi likapita hivyo. Tulipofika dukani, Baba akiwa bado nyuma, nikapasuka.

"Wee Shangazi, umerogwa? Meza yako inakwenda kukatwa!"

Aliinama, akatoa suruali chini ya meza, akanitandikia. Mshono wa mguu mmoja ulikuwa umeacha mstari wa chaki, ukaenda unakojua wenyewe.

"Hii ameshona baba yako jana," akasema. "Kila asubuhi nawahi kabla yake, nafumua, nashona upya. Nilidhani chaki nene ingemsaidia. Miwani keshabadilisha, wapi. Mlango anauona, watu anawaona. Sindano haioni. Hata ile suti ya diwani niliifumua yote."

Nikakaa. "Mbona hukusema pale?"

"Niseme, watu wote wale wanasikiliza? Kaka yangu anataka kuacha kazi, ale kodi ya upande wake, watu wakiwa bado wanamwita fundi. Nimnyime hilo kwa sababu ya mbao?"

Nililia, sioni aibu kusema. Nilipoinua kichwa, Baba alikuwa mlangoni, na kwa jinsi alivyoushika mlango nilijua kwamba amesikia.

"Nilidhani nimewaficha wote," akasema.

"Umewaficha wote," Shangazi akamjibu. "Mimi si wote."

Meza ilikatwa. Ukuta ulijengwa, na upande wa pili simu zinalia kutwa. Nusu yetu tuliigeuza ielekee mlangoni, lakini ni fupi. Ukilaza jora, kitambaa kinamwagika chini na mkato unakwenda mrama. Kwa hiyo Baba husimama pale meza inapoishia, ameshika kitambaa kwa mikono miwili, amekinyoosha sawasawa. Kwa kazi hiyo vidole vyake havihitaji macho.

"Vuta kidogo, kaka," Shangazi anasema.

Anavuta. Mkasi unapita, na hakuna kinachopinda. Wapita njia wanachungulia mlangoni, "Shikamoo, fundi!" Naye anaitikia bila kukiachia kitambaa.