Padri wa Peremende

Tangu meli yetu ya askari iondoke Nyu Yoki, padri wa kikosi alikuwa na tabia niliyoitilia shaka: alitembea kwenye vijia vya chini amefumba macho, kiganja kikipapasa ukuta, huku akimung'unya peremende. Nasi tulijua mtu huficha harufu gani kwa peremende. Pruitt, aliyelala kitanda cha juu ya changu, alimtania: "Baba, divai ya misa imebaki kweli?" Akajibu bila kufumbua macho, "Nimekuachia tone, mwanangu." Wenzangu walicheka. Mimi nilisema, "Huyo ana lake jambo. Kama si mlevi, ni jasusi."

Kombora la nyambizi ya Wajerumani lilipotupiga, taa zilizimika, maji yakaingia, tukawa tunakanyagana gizani. Ghafla nikasikia harufu ya peremende. "Shika koti langu," alisema. "Mwenzako ashike lako." Akatuongoza hivyo hadi juu, akanisukumia kwenye mashua. Pruitt hakuwemo. Meli iliyokuja kutuokoa ilipomulika taa yake, nilimwona padri kwenye mlango wa meli yetu, akishuka tena chini. Macho alikuwa ameshayafumba.