Mto Usiokuwemo Kitabuni

Itsue Kurahashi ndiye aliyekuwa akiwaosha na kuwavika wafu wa bonde letu tangu mimi nikiwa na meno yote. Hata kampuni ya mazishi ya mjini ilipokuja na magari yake meusi, watu waliendelea kumwita yeye kwanza, kwa sababu mikono yake haina haraka. Aliye hai hufunga kimono upande wa kushoto juu ya wa kulia. Aliyekufa hugeuziwa. Itsue akifika hapo kwenye ukosi husimama kidogo, akamwambia maiti, "Niwie radhi, sasa nakugeuzia," ndipo anageuza.

Sote wawili ni wajane, na kati ya nyumba zetu pana shamba la figili tu. Yeye amesoma. Mimi shule niliiacha vita vilipokwisha, nikabebeshwa wadogo zangu mgongoni, na sioni haya kulisema.

Teruo, mwana wa fundi wa mikeka, alikwenda Tokyo akawa mwandishi, akatunga riwaya ya upelelezi. Ndani yake mama mkwe anakutwa asubuhi amekufa, kama aliyelala, lakini kimono chake kimefungwa kwa namna ya wafu. Nani alijua amekufa kabla daktari hajafika? Ni mkaza mwana wake. Hapa kila mtu alijua Teruo kalitoa wapi jambo hilo, maana mama mkwe wa Itsue alikutwa hivyo hivyo, zamani, theluji imefunga njia.

Nilimwuliza Itsue riwaya inaishaje.

"Inasema mkaza mwana hakuua," akanijibu. "Alimvika tu."

Nikaridhika. Na wachache walioisoma hawakusema kitu.

Kisha ikaja katuni ya riwaya hiyo. Wachoraji walifika, wakapiga picha lango la Itsue, wakaketi barazani kwake wakala figili zake za kuchachusha na kuzisifu. Ilipotoka tukaitazama ukutani, kwenye ukumbi wa kijiji. Mkaza mwana walimchora na baka chini ya mdomo, lile lile la Itsue. Marehemu walimfunga kushoto juu ya kulia, kama anayekwenda dukani, tukacheka sisi wazee. Lakini walipoukosea ukosi hawakuwa tena na cha kumnasia mtu, ndipo wakaleta mto. Mkaza mwana akaushika kwa mikono miwili, akaukandamiza usoni kwa mama mkwe.

Hakuna aliyecheka tena. Itsue, aliyekuwa kando yangu, alitazama mpaka mwisho, akaurudisha mkeka wake wa kukalia kwenye rundo, akaenda kuosha vikombe vya chai vya watu wote.

Tangu hapo vijana wageni wakawa wanakuja kupiga picha langoni kwake. Chama cha wenye maduka kikasimamisha kituoni sanamu ya karatasi ngumu ya yule mkaza mwana, na mto wake mkononi. Maduka yakachangamka. Mke wa mzee Hatori alipofariki, Itsue alivaa aproni yake nyeupe, akakaa mlangoni na mkoba magotini akingoja kuitwa. Lilipita gari jeusi.

Nilimwambia mwanangu Morio kwamba nikifa anivike Itsue, si mwingine.

"Mama, watu watasema."

"Watasema nini?"

"Unajua watakachosema. Umeiona katuni."

"Katuni ni ya watoto. Kitabu kinasema hakuua."

"Umekisoma?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Akacheka puani, yule mtoto niliyemfuta kamasi.

Basi nikakinunua. Kando ya herufi ngumu wameweka zile nyepesi za watoto, nami hizo nazijua. Nilisoma kwa kidole, majira yote ya baridi, miguu imo chini ya meza iliyofunikwa blanketi na kuwekewa makaa ndani. Anayedhani nilichoka hanijui. Mpelelezi alihoji watu, theluji ikaanguka, nikafika mwisho. Mkaza mwana anaingia chumbani kwa mama mkwe, mgonjwa anamwita kwa jina, mlango unafungwa. Aya inayofuata ni asubuhi, ukosi umeshageuzwa. Mpelelezi anatazama ile mikono ya mkaza mwana, anapanda treni anaondoka. Nilirudi nyuma nikasoma tena, nikidhani nimeruka ukurasa. Sikuruka. Hakuna mto, na wala hakuna neno kwamba hakuua. Kitabu kinanyamaza. Wale wa katuni hawakuuvumilia ukimya huo, wakaujaza. Na Itsue naye aliponisimulia, aliujaza kwa namna yake.

Kulipokucha nilitoa kimono changu cheupe cha safari ya mwisho, nikavuka shamba nikiwa nimekishika mkononi.

"Nivike nijaribu," nikamwambia. "Nimekonda, nataka kuona kama kinanitosha."

"Kujaribu hicho ni mkosi, Umeno."

"Mkosi wangu mwenyewe. Njoo."

Akanivika. Alipofika kwenye ukosi akasimama.

"Umekimaliza kitabu?" akauliza.

"Nimekimaliza."

"Kumbe unaweza kusoma."

"Kuliko unavyodhani. Mbona uliniambia kinasema hakuua?"

Alikuwa akitazama kitambaa. "Teruo alikuja kuniuliza ilikuwaje usiku ule mama mkwe alipokufa. Sikumwambia. Akaandika mlango umefungwa. Wale wa katuni hawakuniuliza chochote." Akanyoosha mkunjo wa kitambaa. "Wewe uliniuliza kitabu tu."

Swali lilikuwepo mdomoni, zima, na yeye alikuwa analingoja. Mikono yake, ambayo sijapata kuiona ikikaza kitambaa juu ya maiti yeyote, ilikuwa imeukaza ukosi wangu. Nilifikiri juu ya Morio, na kituo, na gari jeusi. Nilifikiri pia juu ya mama mkwe wake, aliyelia kwa maumivu mwezi mzima tukimsikia kutoka ng'ambo ya shamba, na hakuna aliyekwenda isipokuwa Itsue.

"Geuza," nikamwambia. "Nione kama unakumbuka kazi."

Nikainua kidevu, ili ukosi aufikie vizuri.

"Niwie radhi, Umeno," akasema. "Sasa nakugeuzia."

Morio nimeshamwambia kwa mara ya mwisho. Akimwita mwingine, ajue nitamrudia. Ila usiku mwingine nikilala hujikuta nausogeza mto kando, naweka kichwa mkekani.