Kaburi la Mgeni kwenye Barabara ya Soko

Ramani ya mtaa mpya ilipobandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, pembezoni mwa Runzewe, Klara Maige alikuwa wa kwanza kuisogelea. Alitaka kuona nyumba yake inafananaje ikitazamwa kutoka juu. Alipoipata alicheka. Ilikuwa kijisanduku tu, kidogo kama punje ya karanga. Shamba alilorithi kwa baba yake lilikuwa limekatwa viwanja, na katikati ilipita mistari miwili ya barabara iendayo mahali palipoandikwa "Soko".

Shamba halikumuuma sana. Wenye mashamba walishakubaliana mkutanoni kwamba kila mmoja atoe sehemu kwa ajili ya barabara na huduma, na sehemu iliyobaki arudishiwe viwanja vilivyopimwa. Watu walikuwa wanajenga ovyo, na mwaka uliopita gari lililokuja kumchukua mjamzito lilikosa pa kupita. Kilichomshtua ni misalaba mitatu midogo iliyochorwa juu ya barabara.

"Hii ni nini?" alimuuliza Frank, afisa mipango miji.

"Makaburi, Mama Goodness. Yale ya nyuma ya nyumba yako."

"Barabara haiwezi kupinda kidogo?"

Frank akapitisha kidole kwenye ramani. Ikipinda kulia ingeingia sebuleni kwa jirani yake, Donatus. Ikipinda kushoto ingetumbukia kwenye mkondo wa maji ya mvua.

"Itabidi yahamishwe," alisema. "Lakini ndugu wa kila marehemu lazima aridhie. Wawili ni wazazi wako. Huyu wa tatu ni nani?"

"Mgeni," Klara alisema.

Nyumbani walimwita hivyo tu. Alikuwa mchimbaji aliyefika kwao akijikokota, enzi zile watu walipokuwa wanamiminika kufuata dhahabu. Klara alikuwa msichana mdogo. Mzee Maige alimlaza ndani, wakamnywesha uji, lakini alikufa bila kusema ametoka wapi, na mzee akamzika hapo hapo nyumbani. Kila Siku ya Marehemu Klara alisafisha makaburi yote matatu, na hata mara moja hakuwahi kujiuliza huyu alikuwa mtoto wa nani. Sasa swali hilo halikumtoka kichwani.

"Tukikosa ndugu, tunatangaza, halafu halmashauri inamhamisha," Frank alisema.

"Ngoja kwanza niulize."

Akauliza kanisani, akauliza mnadani. Mwishowe akaelekezwa kwa Sostenes, mchimbaji wa zamani aliyekuwa na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu.

"Mwangaluka, mayu," Sostenes alimsalimu kwa Kisukuma, akaizima mashine ili wasikilizane. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alikuwa na kidole kilichokatika?"

Klara akafumba macho. Akauona mkono ulioshika kikombe cha uji. "Kidole cha mwisho. Mkono wa kushoto."

"Basi ni Nyamhanga! Mkurya wa Sirari. Tulichimba naye shimo moja. Alipougua alisema anakwenda kutafuta gari la kumrudisha kwao. Miaka yote hii nilijua alifika."

Sostenes alifahamiana na Mkurya mmoja muuza mitumba, na habari ikatembea simu kwa simu. Kila Frank alipopita na wapimaji wake aliuliza, "Umempata?" Klara akatikisa kichwa. Hadi siku moja, akiwa anapukuchua mahindi, namba ngeni ikapiga.

"Naitwa Bhoke," ilisema sauti ya mwanamke. "Nimeambiwa baba yangu yuko kwako."

Klara akaliweka hindi chini.

"Rudia jina lako, mama."

"Bhoke."

"Njoo," Klara alisema. "Nina jambo la kukwambia uso kwa uso."

Bhoke alikuja na wazee wawili wa ukoo. Alisimama mbele ya kaburi, akauliza, "Alikuwa na mke huku?"

"Hapana. Alikuja peke yake, anaumwa."

"Mama alikufa akiamini baba alituacha."

Klara akamshika mkono. "Alipozidiwa alikuwa anasema bhoke, bhoke. Sisi Kikurya hatukukijua. Tulidhani anaomba maji, tukawa tunamletea."

Bhoke akalia. Halafu, katikati ya machozi, akacheka. "Kwetu neno hilo ni asali pia. Labda alitaka asali tu."

"Labda. Lakini maji alikuwa anayasukuma, anatazama mlangoni."

Wazee wakasema Nyamhanga lazima arudi kwao. Kibali kilipopatikana, wazazi wa Klara walihamishiwa kwenye makaburi mapya ya mtaa, padri akawaombea, na Mgeni akawekwa kwenye jeneza dogo tayari kwa safari. Klara akaomba kwenda naye. Alitaka kupaona mahali ambapo Mgeni alitamani kurudi.

Huko Sirari alikalishwa katikati ya watu wasiomjua, wakamuuliza kila kitu: alilala wapi, alikula nini, nani alimfumba macho. Akawajibu yote aliyoyakumbuka, na asilolikumbuka akasema hakumbuki.

Aliporudi, greda lilikuwa limeshapita. Frank alikuwa barabarani, buti zake nyekundu kwa vumbi, akamkimbilia.

"Kwao kukoje?"

"Kuna baridi," Klara alisema, akitua mzigo wake. "Na wanalima ulezi, milima kwa milima. Tafuta pa kukaa nikusimulie."