Lita Kumi na Moja za Haji

Pikapu niliinunua wiki ya pili baada ya kurudi kutoka kazini Ghuba, Uarabuni, na sikukopa kwa mtu. Watu wa kwetu Katelembo walikuja kuizunguka, wakagonga bodi kwa ngumi wasikie chuma, wakauliza ni ya mwaka gani na inabeba kiasi gani. Niliwajibu yote. Kisha mmoja wao akauliza lile swali ambalo huachwa la mwisho: "Na inakunywa aje?"

"Gari hunywa kulingana na dereva," nikamwambia, "na dereva wa hii ana diploma."

Ilikuwa kweli. Diploma yangu ya ufundi wa magari niliilipia mwenyewe kwa kupasua mawe Lukenya, wakati wenzangu walilipiwa na baba zao. Muhula ni kalamu, likizo ni nyundo. Siku ya mtihani wa mwisho nilikuwa na malengelenge mikononi, na bado nikawa wa pili darasani. Ghuba nilianza nikiosha magari, nikamaliza miaka tisa baadaye nikiwa msimamizi wa karakana yenye magari arobaini. Nyumba ya mawe ninayokaa, tanki la maji, ua wa waya, vyote vimetoka kwenye mikono hii. Ninayataja haya ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyeshindwa na lita nne za dizeli.

Kitu nilichokosa ni mzigo wa kudumu. Miezi minne nilibeba vitanda vya wanafunzi, mahindi, viti vya harusi, na mara moja jeneza. Kulikuwa na siku ambazo simu haikulia kabisa, isipokuwa ya wakala wa Nairobi, yule wa kupeleka watu nje. Kule wananitaka tena, alisema, nafasi ipo, nijibu kabla ya mwezi kuisha. Mke wangu alilizungumzia jambo hilo mara moja tu, akiwa anapepeta maharagwe. "Ukienda tena, huyu mtoto utamkuta ni msichana mkubwa."

Alimaanisha kitinda mimba wetu, mtoto wa likizo yangu moja, aliyenijua kwa simu tu miaka yote minne ya maisha yake. Hata baada ya mimi kurudi, akichora kitu, alikuja kuisimamisha karatasi mbele ya uso wangu, karibu na pua, akisubiri nikione, kama vile bado niko ndani ya kioo cha simu. Sikutaka kurudi Ghuba. Lakini pikapu isiyo na kazi ingenirudisha, na hesabu hiyo niliijua kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu.

Ndipo nikasikia kwamba Haji anatafuta dereva.

Haji ni mchuuzi wa mbuzi mjini Machakos. Babu yake ndiye aliyeshuka kutoka kaskazini na mifugo. Yeye mwenyewe amezaliwa mjini hapa, na Kikamba chake cha kuvutana bei kinawashinda wengi wetu tuliokinyonya. Dereva wake wa miaka mingi, mzee mwenye pikapu kuukuu ya kijani, alikuwa anaacha kazi kwa sababu ya mgongo. Kazi yenyewe ilikuwa kutoka mjini hadi soko la Kola kupakia mbuzi, kurudi nao kupitia mjini na Katelembo, kuwashusha kwenye kichinjio kimoja huko mbele ya Lukenya, halafu kurudi mjini. Mara tatu kwa wiki, mwaka mzima.

Haji hampi dereva pesa ya mafuta. Asubuhi anakuja mwenyewe kwenye kituo, anashika bomba kwa mkono wake, anajaza tanki mpaka dizeli ionekane mdomoni. Kisha anakuambia ulitikise gari ili povu litulie, anaongeza tena. Jioni mnakutana pampu ileile, anajaza hadi palepale. Namba inayosoma pampu ndiyo mliyokunywa, wewe na gari lako.

"Safari yangu ni lita kumi na moja," aliniambia. "Huyu mzee anaifanya na kumi na moja, na gari yake imechoka kuliko yeye."

"Haji, mimi nitaifanya na kumi."

"Kijana, usiniambie mimi. Ambia pampu. Nakupa siku tatu za soko."

Siku ya kwanza nilikwenda kama bwana harusi. Nilivaa miwani. Barabara ya Kola ina milima na makona, na niliipanda nikibadilisha gia pale hasa zinapotakiwa kubadilishwa, nikiisikiliza injini kama daktari. Kola nilisubiri Haji akinunua. Ununuzi wa mbuzi ni mambo ya polepole: anashikwa mgongo, anafunguliwa mdomo, mwenye mbuzi anaondoka kwa hasira, anarudi. Nilikaa ndani ya pikapu, vioo juu, kiyoyozi kikipuliza. Mama mmoja aliyekuwa na mbuzi watatu kamba moja alikuja kugonga dirisha.

"Wewe wa gari! Zima hiyo kitu. Mbuzi wangu wanavuta sigara tangu asubuhi."

"Mwaitu, mama yangu, hiyo ni dizeli safi," nilimwambia. "Haina neno." Nikapandisha kioo.

Jioni pampu ilisoma kumi na tano.

Haji aliitazama ile namba, kisha akanitazama mimi. "Wallahi, kijana, mbuzi nao uliwanywesha?"

Sikulala vizuri. Sikulala siku iliyofuata pia. Mke wangu alisema nilikuwa napiga teke blanketi kama ninayekanyaga klachi. Asubuhi niliivua pikapu sehemu kwa sehemu. Nilibadilisha filta ya hewa. Nozeli za kupulizia dizeli nilizifungua, nikazisafisha, nikazipima moja moja. Niligundua breki ya nyuma upande wa kulia imeshikana kidogo, nikailegeza mpaka gurudumu likazunguka kwa kusukumwa na kidole. Nilijaza upepo wa matairi kwa kipimo, si kwa kupiga teke kama wanavyofanya mafundi wa barabarani. Niliteremsha keria ya juu, nikaondoa sanduku la vyuma nililokuwa nikitembea nalo. Kazi ile, ningeifanya kule Ghuba, bosi angewaita wengine waje waone.

Yule dereva mzee alipita na pikapu yake ya kijani akanikuta nimelala chini ya gari. Alisimama, akazima, akateremka akishika kiuno.

"Unatafuta nini huko chini?"

"Lita nne."

Alicheka mpaka akashika mlango. Nilimweleza kwamba yeye ndiye anayepoteza mafuta, maana nilimwona akiteremka mlima wa Kola na gia ya nyutro. Ukiteremka na gia imeingia na mguu umeondoka kwenye eksileta, nilimwambia, magurudumu yenyewe ndiyo yanaizungusha injini, na dizeli inafungwa. Ukiweka nyutro, injini inaendelea kunywa ili isizimike. Tena breki zinaungua. Nilimchorea mavumbini kwa bisibisi.

"Eeh," alisema, akiutazama mchoro wangu kwa heshima. "Hiyo sikujua. Nitajaribu." Kisha akaingia garini. "Mimi najua moja tu. Nikifika, na gari imefika."

Nilidhani ni maneno ya mtu asiyesoma. Siku ya pili ya soko niliendesha kama niliyebeba mayai. Milima niliichukua taratibu, kwenye miteremko niliiacha gari ijibebe kwenye gia. Kola nilikaa tena ndani na kiyoyozi, na kule kichinjioni foleni ilikuwa ndefu, nikakaa tena. Jioni pampu ilifika kumi, ikapita kumi na mbili, na mimi nikawa naisukuma kwa macho isimame. Ilisimama kumi na nne.

"Diploma imepunguza moja," Haji alisema. "Iko na siku moja imebaki."

Siku moja, na wakala alikuwa amepiga tena. Jumapili ile sikwenda kanisani. Nilizunguka nyumba. Niliingia ndani, nikawasha televisheni, nikazima. Nilikwenda kuangalia maharagwe ambayo hayakuhitaji kuangaliwa. Nilifungua boneti, nikafunga. Mwishoni niliingia kwenye pikapu, nikawasha, nikaweka kiyoyozi, nikaegemeza kiti nyuma. Hapo kifua kilitulia kidogo.

Sijui nilikaa muda gani. Watu walirudi kutoka kanisani. Mke wangu alikuja, Biblia bado mkononi, akagonga kioo.

"Unaenda wapi?"

"Siendi mahali."

Aliitazama pikapu ikitetemeka pale uani, moshi ukiingia kwenye nguo zake alizoanika.

"Basi yeye anaenda wapi?"

Nilizima.

Kule Ghuba hatukuzima magari. Mtu ambaye hajafika atashangaa. Joto la kule, ukizima gari kwa dakika kumi unarudi kuketi juu ya jiko. Gari linawashwa asubuhi na kuzimwa usiku, liwe linatembea au limeegeshwa, na mafuta yalikuwa ya kampuni. Lakini haikuwa joto tu. Chumbani tulilala watu wanane, vitanda vya juu na chini, na sehemu pekee iliyokuwa yangu peke yangu kwa miaka tisa ilikuwa kile kiti cha dereva, vioo juu, injini ikiunguruma. Humo ndimo nilimopigia simu nyumbani. Humo ndimo nilimoambiwa mtoto amezaliwa, na humo ndimo nilimokaa baada ya kuambiwa mama yangu amezikwa. Mwili wangu ukizoea kitu miaka tisa, hauniulizi tena.

Nilimkumbuka yule mama wa mbuzi watatu, na yule mzee ambaye akifika, gari nayo imefika: anaizima. Nikachukua kalamu. Karibu saa mbili za kusubiri Kola, saa moja na nusu foleni ya kichinjio, kiyoyozi kikivuta nguvu juu yake. Nilijua injini ile inakunywa kiasi gani ikiwa imesimama. Nilikuwa nimewafundisha watu kuhesabu hilo. Ilitoka karibu lita tatu, bila kusogea hata hatua moja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtihani wowote, kisha aibu ikageuka furaha, maana kosa ukishalijua ni lako kulitengeneza.

"Nimelipata," nilimwambia mke wangu.

"Nguo zangu utazifua wewe," alijibu.

Siku ya tatu nilizima Kola. Kuzima ni rahisi, lakini kukaa ndani ya gari lililozimwa sikuweza. Kimya kilinisukuma nje. Nilisimama, nikaketi kwenye jiwe, nikasimama tena. Mkono uliingia mfukoni kutafuta ufunguo mara nyingi zaidi ya ninavyoweza kukiri. Nilimsaidia Haji kushika mbuzi ili tu miguu ipate kazi. Watu walinisalimu, ikabidi niwajibu na kuulizwa ukoo wangu ni upi, na nikajikuta nabishana na mzee mmoja kuhusu mpaka wa shamba ambalo sijawahi kuliona. Saa mbili zile zilikuwa ndefu kuliko zamu ya usiku.

Kichinjioni ilikuwa mbaya zaidi. Foleni ilikuwa inasogea hatua mbili, inasimama. Kila iliposimama nilizima, na wa nyuma yangu akapiga honi.

"Boss, betri imekufa ama ni wewe?"

"Sukuma yako," nikamwambia. "Yangu iko sawa."

Njia yote ya kurudi mjini, kutoka Lukenya hadi Katelembo, nilipita karibu na nyumbani kwangu bila kugeuza shingo. Nilishika kasi moja, gia ya juu. Lori lilinipita, nikaliacha lipite. Hilo peke yake, kwa wanaonijua, ni muujiza.

Haji alikuwa ananisubiri, kanzu imekunjwa kiunoni isiguse mafuta. Dereva mzee naye alikuwapo, amekuja kutazama tu. Haji alichomeka bomba. Saba. Tisa. Kumi. Povu likapanda, akasimamisha, tukatikisa gari sote watatu, mzee akisukuma kwa mkono mmoja na mwingine kiunoni. Haji akaongeza pole pole, tone kwa tone, kama anayetia mafuta ya taa kwenye koroboi.

Kumi na moja na nusu.

"Imezidi," Haji alisema.

"Haji, leo mbuzi walikuwa wawili zaidi. Tena tumesimama mjini ukanunua chumvi."

"Imezidi nusu."

"Kutoka kumi na tano!"

"Mimi sikununua safari yako ya kutoka kumi na tano. Mimi yangu ni kumi na moja." Alirudisha bomba mahali pake, akapangusa mikono kwa kitambaa, akamtazama yule mzee. Mzee aliinua mabega.

"Amezima," mzee alisema. "Nimepitia Kola nikaona. Alikuwa anatembea tembea kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga, lakini amezima."

Haji alifikiri. Nilikuwa nimeshika mlango wa pikapu, na ninakumbuka nilikuwa nauminya kama mtu anayeweza kuukamua ile nusu.

"Nusu ni yako," alisema mwishoni. "Kila safari utaweka mwenyewe, mpaka siku utaipata. Jumanne, saa kumi na moja alfajiri. Uje bila miwani, mbuzi wanaogopa."

Mtu wa diploma, msimamizi wa magari arobaini, kuambiwa aongeze nusu lita kutoka mfukoni kila safari. Nilimeza. Usiku ule nilimwandikia wakala kwamba nafasi ile ampe mwingine, na mke wangu aliusoma ujumbe neno kwa neno kabla sijatuma.

Ile nusu bado naitafuta. Robo lita niliipata wiki iliyopita kwenye bomba la mafuta linalorudi tankini, lilikuwa linatoa jasho la dizeli kidogo sana ambalo fundi mwingine yeyote Machakos asingeliona. Haji aliisoma pampu, akasema, "Imebaki robo," na hakunisifu. Robo iliyobaki nadhani iko kwenye klachi, ama kwenye ule mlima wa Kola, kona ya tatu, mahali ambapo bado nabadilisha gia mapema. Kesho ni siku ya soko. Nimeshatoka mara mbili kuangalia upepo wa matairi.